Vidole vya oili kwenye kitabu cha kwanza

Leo nimemwazima mtu kitabu changu cha katuni. Mnaonijua, kaeni chini kwanza.

Ninavyo vyote kumi na viwili vya hadithi hiyo moja, jalada gumu, tangu nikiwa msichana wa kambi ya polisi. Hata mimi sivigusi kabla ya kunawa mikono.

Wiki iliyopita nilimpa Kato, fundi wa vyuma pale Katwe, kazi ya kunichomelea rafu ya kuviweka. Nikampa vipimo kwenye karatasi. Hakuitazama. Mafundi wa kule wanataka kitu chenyewe wakishike.

Basi nikamwachia kitabu cha kwanza, ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamwambia asiufungue.

Leo nimeenda kuchukua rafu. Imenyooka, haitikisiki.

Na kitabu? Kila ukurasa una alama ya kidole gumba cheusi cha oili. Kila ukurasa!

Jamani, nimestaafu upolisi. Alama za vidole nazijua. Nikavuta pumzi nimfokee.

Kato akaniwahi: "Afande, huyo mama wa ukurasa wa mwisho, alivuka mto ama maji ilimbeba?"

Wenzake wawili wakazima mashine. Kumbe nao walikuwa wanangoja jibu.

Miaka yote hii, nyumbani kwangu watu huniuliza swali moja tu: nitaviuza lini.

Mnaokusanya vitu, mngefanyaje?

Mimi nimepeleka rafu nyumbani, nikarudi Katwe na kitabu cha pili.

Bila mfuko.