Machela ya Faridah

Faridah anashona nguo Namatala, hapa Mbale, kwa cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama yake. Mababu zake walikuja na jeshi kutoka Sudan, na jeshini lugha ilikuwa Kiswahili, ndiyo maana chake kinakwenda kama uzi. Changu mimi, Wabwire, nimekiokota njiani.

Mwaka huu alibuni machela: kitanda cha turubai laini chenye kamba huku na huku, unakifunga kati ya miti miwili unalala. Ukitaka ni kivuli, ukitaka unafungia mzigo. Kambi moja ya wageni pale Nalufenya, Jinja, iliomba saba, mradi ziwe imara.

“Mzee wangu,” akaniambia, “wewe hukai mahali. Tembea nayo wiki mbili, ulale ndani, uniletee ukweli.”

“Nikianguka je?”

“Ndiyo nataka kujua! Bora uanguke wewe unayenipenda.”

Nilikwenda nayo mpaka Jinja nikarudi. Nilibebea ndizi, ikashika. Mvua ilinikuta Iganga, nikajifunika, sikulowa. Lakini kulala, niliitandika chini. Marehemu mke wangu, Nangila, aliteremshwa mlimani ndani ya blanketi lililofungwa kwenye mti wa kubebea, wanaume wanne wakipokezana, na hospitali hakufika. Kila nilipoifunga ile machela nilimwona ndani, nikaifungua.

Hayo sikumwambia Faridah. Nilisema, “Mwanangu, nimelala kama mtoto mgongoni.”

Akacheka, akashona saba.

Mwezi haukuisha. Isiko, mpishi wa ile kambi, alimaliza vyombo akajinyoosha ndani ya moja. Mshono wa upande wa kichwa, pale kamba inapoingia, ulifumuka. Akavunjika bega. Zote saba zilirudishwa Mbale kwa basi, zimesokomezwa ndani ya gunia moja.

Nilimkuta Faridah ameketi barazani, cherehani iko vipande vipande juu ya mkeka.

“Mashine imeniharibia jina,” alisema. “Maana yako ilikubeba siku kumi na nne. Hizi zimeharibikia wapi? Siku ya nne leo natafuta.”

Jirani yake Kadija, aliyekuwa akifua kando, akadakia, “Ilibeba nini? Mzee huyu ni mwepesi kama kuku aliyekondeshwa na kideri!”

Wakacheka.

“Sikulala,” nikasema.

“Umesemaje?”

“Sikulala ndani, mwanangu. Hata mara moja. Nilitandika chini.”

Sikumtaja Nangila. Ingekuwa kumtwisha yeye mzigo wangu.

Kadija alichukua beseni lake akaondoka bila kuaga. Faridah aliokota skrubu moja, akaifuta kwa khanga, akairudisha mkekani.

“Siku nne,” akasema. “Nimeivua nguo mashine ya mama yangu siku nne.”

Kisha akaenda ndani, akatoka na machela ile ile yangu, akaifunga kwenye nguzo mbili za baraza.

“Panda.”

Nikapanda. Turubai likanifunika pande zote mbili. Nilifumba macho, Nangila alikuwemo.

“Sema, Mzee.”

“Inavuta huku kichwani.”

“Wapi?”

“Hapa.”

Akatia alama ya chaki. “Jitingishe.”

Nikajitingisha. Karibu na sikio langu uzi mmoja ukakatika, sauti ndogo tu, tik. Akausikia na yeye.

“Usishuke,” akasema. Akainama kuhesabu mishono, mkono wake mmoja ameuweka chini ya kisogo changu.

Isiko alipoanguka hakuwekewa mkono.