Mkoba wa Jepkemei

Mimi huuza viatu, na viatu havina ndoto. Unakagua soli, unapangusa, unauza. Lakini jirani yangu Chepkurui, ambaye hapa sokoni Nakuru sote twamwita Mama Jepkemei, huuza mikoba ya mitumba, na tangu nimjue nusu ya roho yake huwa iko mbali. Huchukua mkoba uliotoka kwenye beli, lile robota la mitumba, akaufungua, akatia pua ndani, akafumba macho. Mvua ipige mabati, wateja waite, yeye hasikii.

"Huyu alikuwa anapenda peremende," huniambia akizinduka. "Na alikaa mahali pa baridi."

"Alikuwa na bwana?"

"Alikuwa naye. Lakini walikuwa wameacha kuongea."

Mimi humcheka. Halafu jioni najikuta nikipika ugali huku nikimhurumia mwanamke wa watu nisiyemjua, na bwana wake.

Usidhani ni ndoto tupu. Mkoba wenye jina kubwa ukizua ubishi sokoni, unaletwa kwake. Anavuta zipu polepole karibu na sikio. Anapitisha kidole juu ya mshono, anageuza bitana, kisha ananusa, kwa maana ngozi halisi hunuka ngozi hata ikizeeka, na feki hunuka gundi. Mwisho anatamka neno moja kati ya mawili tuyatumiayo beli likifunguliwa: kamera, yaani chaguo la kwanza, au fagia, yaani kile kinachobaki chini. Hadanganyi, hata kwa bidhaa yake mwenyewe. Nimemgombeza mara nyingi kwa ukaidi huo, maana unamfukuzia wateja.

Binti yake Jepkemei alikulia chini ya meza hiyo. Kabla hajajua kusoma, mama yake alikuwa akimfunga leso machoni na kumpa mikoba mmoja mmoja, naye mtoto ananusa na kupaza sauti: "Kamera! Fagia!" Hakukosea, na sisi tulipiga makofi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Alipokuwa mkubwa alienda Uarabuni. Ajenti alimwahidi kazi katika duka la mikoba yenye majina.

Kila Jumapili alipiga simu. "Duka linang'aa, mama. Hapa zote ni kamera." Siku iliyofuata Mama Jepkemei alishinda akitembea ndani ya duka hilo kwa mawazo, akinisimulia rafu za vioo, taa nyeupe, na binti yake akishika mikoba kwa glavu. Hata mimi nililijua duka hilo. Ningeweza kukuonyesha mlango wake.

Siku Cherop alipokuja, tulikuwa tunafungua beli. Tulishikana mikono, nikaliombea kama tufanyavyo kabla ya kukata kamba. Tuliposema amina, msichana huyu wa Keringet, aliyerudi likizo kutoka huko huko Uarabuni, alikuwa amesimama na kifurushi.

"Nilipewa na msichana mwingine tukiwa airport," alisema. "Jepkemei mwenyewe simjui. Niliambiwa tu, pelekea mamake, soko ya Nakuru, side ya mabag."

Ndani mlikuwa na mkoba wa kahawia wenye mnyororo wa dhahabu na jina ambalo hata mimi nalijua. Wanawake walipiga kelele. "Mama Jepkemei, tuambie! Ni kamera?"

Alivuta zipu. Ikakwama. Akavuta tena. Kidole kikapita juu ya mshono, bitana ikageuzwa, pua ikaingia. Alikaa humo muda mrefu.

"Kamera," alisema kwa sauti ndogo, na vigelegele vikapasuka.

Lakini mimi nilikuwa karibu, nikaona rangi ya dhahabu ya mnyororo imebaki kwenye kidole gumba chake. Wenzetu walipotawanyika, hasira ilinipanda.

"Yaani mtoto yuko kwa duka ya original halafu anakutumia feki? Wewe, mamake?"

Aliupakata mkoba. Vumbi la alasiri lilikuwa linaelea ndani ya mwanga uliopenya matundu ya mabati, naye akalitazama kama mtu anayetazama moto. Nilidhani mawazo yake yameenda kwenye lile duka la binti yake. Nikamwacha.

"Wangeci," alisema mwishowe, "huyu mtoto hawezi danganywa na bag. Hata kwa giza."

"Najua."

"Na anajua mimi siwezi danganywa."

"Si ndio nasema!"

"Sasa alinitumia ya nini?"

Niliutazama ule mkoba upya.

"Hakuna duka," alisema. "Huko aliko si kuzuri, na kwa simu hawezi kusema. Ametuma kitu ambacho mimi tu ndiye nitajua."

Lile duka nililolizoea likazimika taa zote. Niliona haya kwa maneno yangu.

Jumapili simu ililia. Sauti ya Jepkemei ilikuwa changamfu mno, kama ya mtu anayesoma matangazo kanisani.

"Mama, ulipata bag?"

"Nimepata. Nimeangalia zipu. Nimeangalia mpaka ndani."

Akauliza taratibu: "Na ukanusa?"

"Nimenusa, mamangu. Nimeelewa."

"Asante, mama." Simu ikakatika.

Miezi yote iliyofuata sikumwona akiota. Alimfuata mchungaji, akazifuata ofisi za serikali, akakalia benchi la ajenti hadi wakachoka kumwona. Aliyemwambia arudi kesho, kesho alimkuta mlangoni. Mikoba yake nilimuuzia mimi, vibaya, maana kwangu yote ilikuwa mifuko tu.

Jepkemei alirudi wakati wa kuvuna mahindi. Tulienda kumpokea Nairobi, na mama yake alining'iniza begani mkoba ule ule, zipu imekufa, nimeufunga kwa kamba ya kiatu. Mtoto alitoka amekonda, na kovu la pasi mkononi. Alipouona mkoba alisimama.

"Mama, umebeba hii mpaka huku?"

"Ndiyo imekuleta."

"Kwa hiyo nyumba nilikuwa nafanya kazi, walikuwa wanapekua kila kitu. Karatasi wangeona. Na simu, madam alikuwa anakaa kando akisikiliza." Akacheka, kicheko kikavunjika katikati. "Hii alinipa yeye mwenyewe nikutumie, ndio uamini kuna duka. Alidhani ni original."

Kisha akafungua ile kamba, akafumba macho, akainama, akatia pua ndani ya mkoba kama alivyofanya utotoni chini ya meza.

"Fagia," alisema.

"Fagia kabisa," alijibu mama yake. "Wangeci, hebu nishikie hii kitu." Akanitupia mkoba, apate mikono yote miwili ya kumshika mtoto.