Mjane au Ana Mume

Kabla mlima haujatuporomokea, fundi cherehani alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja. Nikipiga chafya huku, naitikiwa kule. Mumewe alikuwa mwashi, mtu wa utani kupita kiasi. Asubuhi ile ya maporomoko alimtoa mtoto, akamtoa mkewe, akamtoa mama yake, kisha akarudi ndani kuchukua cherehani. Cherehani tuliichimbua siku ya tatu. Yeye hatukumpata.

Miezi minne sasa tuko kwenye mahema ya msaada, palepale chini ya mlima. Fundi alikiloweka kichwa cha cherehani kwenye mafuta ya taa wiki nzima mpaka kikazunguka. Kila anaposhona, mama mkwe wake hugeukia pembeni. Huyo mama bado humpakulia mwanawe chakula, akakifunika. Na mtoto, miaka miwili tu, ana kikohozi kisichosikia dawa, kwa sababu hema lao limechanika na mvua ikinyesha wanajibanza kona moja kama kuku.

Ndipo shirika la msaada likaleta habari ya nyumba: vyumba viwili, bati jipya, ng'ambo ya mto. Wajane kwanza. Wenye waume wangoje awamu ya pili, ambayo haikuwa na fedha wala tarehe. Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, lakini sisi tuliulizwa mpaka tukachoka.

"Mjane, au una mume?" karani alimuuliza fundi.

"Hajapatikana."

"Dada, hapa nina visanduku viwili tu."

"Basi andika hajapatikana."

"Niandike wapi?" Karani hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. "Mlete ndugu wa mume aweke dole gumba kwamba amefariki. Mwisho Ijumaa."

Ndugu wa mume alikuwa mmoja tu, mama yake. Fundi hakuthubutu kumwambia. Siku mbili akawa anashona huku analia, na mimi mdomo wangu hauna mlango, nikamwendea yule mama mwenyewe.

"Mama, mjukuu wako atakufa kwa kikohozi huku unamngoja aliyekwisha kufa!"

Alinitazama. "Wewe ulimzika?"

Niliona aibu mpaka leo sijapona. Lakini Ijumaa, karani akiwa anakusanya karatasi zake, yule mama alikuja amevaa nguo safi, akasimama mbele ya meza.

"Mwanangu amefariki," alisema. Sauti haikutetemeka. Karani akamshikia dole, akalibonyeza karatasini. Alipomaliza akauliza, "Akirudi, mtalifuta?"

Karani aliinamia karatasi. "Tutalifuta, mama."

Lori lilikuja wiki iliyofuata, mawingu yakiwa yameshajaa. Tukapakia godoro, masufuria, na ile cherehani. Mama mkwe hakuinuka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe lililokuwa kizingiti cha nyumba yao.

"Mama, twende," fundi alimwambia.

"Nendeni. Dole nimeweka ili mpate bati. Sikusema naamini."

"Siwezi kukuacha hapa, mama."

"Akija asikute mtu, atamuuliza nani tulikohamia? Mpeleke mtoto."

Fundi alipiga magoti kwenye tope, akamshika miguu, akambembeleza kwa maneno ambayo sitayarudia. Dereva akapiga honi. Mtoto akaanza kukohoa kule juu ya lori, kikohozi kile kirefu, na fundi akasimama, akapanda bila kufuta tope.

Mimi sikupewa nyumba. Mume wangu yu hai, basi kisanduku changu kilikuwa kile kingine. Nikabaki na yule mama, na mchana nikamletea chakula nilichopika. Alikigawa sahani mbili, moja akaifunika. Mvua ilipoanza kudondoka nikasogea karibu ili nimkinge.

"Kaa upande huu, mwanangu," akaniambia. "Hapo unamzibia njia."