Pete ya Lenzi na Uso wa Mama

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka: ile asubuhi ng'ombe wa mahari ya dada yangu walipoingia nyumbani kwetu Butiama. Nilikuwa msichana wa rika lako, nimejipaka mafuta mpaka shingoni, na kazi niliyopewa ilikuwa kuwanawisha wageni. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amemwita mpiga picha kutoka Kabasa, kule Bunda. Alitaka ng'ombe wapigwe picha, tena waonekane mpaka pembe. Watu, je? Watu wangejipenyeza wenyewe.

Usicheke, kwetu ilikuwa hivyo. Bibi harusi utaendelea kumwona akija kusalimia, lakini ng'ombe kesho wameshagawanywa kwa wajomba na kwa kaka anayetaka kuoa. Kwa hiyo ng'ombe ndio waliowekwa mbele.

Mpiga picha alikuwa kijana mrefu mwenye kamera ya filamu, zile ambazo hazifanyi lolote mpaka uziambie. Lenzi yake ilikuwa na pete ya chuma. Ukiizungusha huku, aliye karibu anaonekana vizuri na wa mbali anageuka ukungu. Ukiizungusha kule, wa mbali anatulia na wa karibu anapotea. Siku hiyo mawingu mazito yalikuwa yametoka ziwani, mwanga ulikuwa haba, akalifungua tundu la lenzi mpaka mwisho. Ukifanya hivyo lenzi inakuwa na wivu, mwanangu. Inampenda mmoja tu.

Picha iliposafishwa na kuletwa, baba mkubwa aliishika karibu, akaishika mbali.

"Hawa ni ng'ombe au ni moshi?" aliuliza. "Kijana, nilikuita upige nini?"

Ng'ombe wote walikuwa wamefifia. Aliyetulia, mpaka kope, mpaka tone la maji kwenye mdomo wa jagi, nilikuwa mimi. Nyuma yangu, hatua chache tu, mama alikuwa amesimama na ungo kiunoni, naye ni ukungu mtupu.

Macho hayana pazia. Kijana yule aliitwa Magesa. Alikuja kumwomba radhi baba mkubwa, akaja tena kuomba radhi ambayo ilishapokelewa, na mwisho akaja na ng'ombe wake mwenyewe. Huyo ndiye baba wa wanangu.

Nilivyoringa na picha ile, hata nikikusimulia huwezi kuamini. Magesa akamwambia mama, "Na wewe simama, mama, nikupige peke yako." Mama akalitazama gauni lake la shambani. "Si hivi nilivyo, mwanangu. Ngoja tuvune mtama, nipate kitenge." Mtama ukavunwa, kitenge kikanunuliwa, naye akampa dada yangu aliyekuwa amejifungua. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Masika yaliyofuata mama aliugua, na kitandani hakuinuka tena. Picha nyingine yake haipo.

Sasa nitakuambia jambo ambalo mtu mzima huona haya kulisema. Nimeusahau uso wa mama yangu. Sauti yake ninayo. Harufu ya moshi wa kuni kwenye nguo zake ninayo. Lakini uso uliondoka kidogo kidogo, na siwezi kusema ni lini hasa uliniaga. Namtamani mama, nami mwenyewe naitwa bibi.

Magesa naye ametangulia. Kamera yake iliisha kwa kutu, ila lenzi ikabaki. Binti yetu Neema, anayefanya kazi hapa Musoma mjini, akanipa kamera ya dijitali pamoja na adapta, kile kipete cha katikati kinachoishikisha lenzi ya zamani kwenye kamera ya leo. Raha niliyoipata, acha tu! Vijana mnanikuta mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapofikia, nikiwapiga picha akina mama wanaoanika dagaa, mnaniuliza kwa nini nisitumie lenzi inayojifokasi yenyewe. Ni kwa sababu hii inaningoja. Pete yake inazunguka kwa uzito, kama asali ya asubuhi yenye baridi, na pale kidole gumba cha Magesa kilipozoea kushika, rangi imelika. Naweka changu hapo hapo. Ndani imeingia kuvu kidogo kwa unyevu wa ziwa, kwa hiyo jua likiipiga ubavuni, picha inapata utandu kama wa maziwa. Neema anasema hiyo ni kasoro. Sawa, ni kasoro, lakini nimeizoea kama nilivyozoea kukoroma kwa baba yake.

Mwaka huu ukoo ulikubaliana kulijengea kaburi la mama kwa saruji na kufanya ibada ya shukrani. Wakataka picha ya kuweka msalabani. Nikaitoa ile moja tuliyonayo, nikaiegemeza dirishani, nikachukua lenzi ile ile iliyoipiga, nikaanza kuzungusha pete. Najua unachofikiri. Mke wa mpiga picha anajua vizuri kwamba kilichofifia kwenye karatasi hakitulii tena. Lakini moyo haufundishiki. Nilizungusha mpaka nyuzi za karatasi zikaonekana mmoja mmoja, na mama akabaki ukungu vile vile. Nililia, sikujificha.

Neema akanihurumia. Akaipiga picha ile kwa simu, akaitia kwenye programu hizi zenu za kutengeneza sura, na mara mama akatokea: macho maangavu, midomo, nyusi zimejipanga. Kaka yangu alipoiona aliinua mikono. "Basi, hiyo ndiyo iende msalabani!" Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mimi nami nilitaka kuamini, nilitaka sana. Nilishinda na yule mama wa kwenye simu mchana kutwa, nikimngoja anitambue.

Mwisho nikasema twende Buswahili kwa mama mdogo, mdogo wake mama tumbo moja. Ndiye pekee aliyebaki anayeujua uso ule. Aamue yeye.

Tulimkuta uani amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage. Neema akampa simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima.

"Mzuri," akasema. "Ni mtoto wa nani?"

Kaka aligeuka akajifanya anatazama mihogo. Nikampa mama mdogo ile karatasi ya zamani. Alipitisha kidole juu ya ng'ombe, akapita juu yangu, akafika kwenye ukungu ulio nyuma, kidole kikakaa hapo.

"Dada," alisema. "Alikuwaga anasimama hivi hivi, mguu mmoja anaupumzisha. Sasa nyie mnatafuta pua ya nini?" Kisha akanikazia macho, na sauti yake ikabadilika. "Na mimi mnasubiri nife, ndiyo mnitafutie sura kwenye simu? Hiyo kamera umeivaaga shingoni kama shanga?"

Maneno yaliniingia. Kila Krismasi nilikuwa nafika hapo, nala ugali wake na sato, narudi mjini, na lenzi yangu imejaa nyuso za wanawake wa mwaloni nisiowajua hata majina.

Nikapiga goti mbele yake, nikalifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nikaanza kuzungusha pete taratibu. Mwanzoni alikuwa ukungu: kilemba, bega, kichwa kimeinama kwenye maharage. Na hapo kwenye ukungu, kabla macho hayajaja, mwanangu, alikuwa mama. Simaanishi kwamba alifanana naye. Alikuwa mama, amekaa mkekani, anapumua. Nikazungusha kidogo tu, mikunjo ikaja, pengo la jino likaja, akawa mama mdogo. Nikairudisha pete nyuma. Mama. Nikaipeleka mbele. Mama mdogo.

"Mbona hufyatui?" aliuliza.

"Nafyatua, mama. Kuna mtu namsalimia kwanza."

Hakuniuliza ni nani. Aliendelea na maharage yake, nami nikaendelea na pete yangu, huku na huku, mpaka machozi yakanizuia kuona. Nilipojifuta nilimtuliza yeye mwenyewe, vizuri, mpaka kope, nikafyatua. Ule ukungu sikuupiga. Sikuwa nimetosheka, na sidhani mtu hutosheka na mama, lakini nilijua kwamba hauwezi kukaa kwenye picha.

Msalabani tulimweka mama wa kwenye karatasi, amefifia hivyo hivyo, mguu mmoja ameupumzisha. Wageni waliokuja ibadani waliuliza kwa nini hatukutafuta picha nzuri zaidi. Kaka ndiye aliyewajibu, akasema ndiyo nzuri.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Uso unaoupenda usiuwekee kesho. Mfuate mama yako jikoni leo, na unga wake mikononi na kitenge chake kilichopauka, akikataa mbembeleze, akifukuza rudi. Na ukishika kamera usiwe na pupa ya kufyatua. Mtazame kwanza, kwa muda ule ambao pete inazunguka, maana huko kutazama ndiko kutakakobaki kwako hata picha ikiharibika. Mashine itakutafutia sura, lakini kumtazama mtu haiwezi kukufanyia.

Mungu akupe macho yasiyochoka, na akupe watu wa kuyachosha. Wakikutangulia, asikunyime walau ukungu wao.