Jabali la Kuulia Fukusi

Mwaka jana nilishuka Bukene kwa msiba wa jamaa, nikapita njia ya zamani inayokwenda mahame yetu, pale tulipoishi kabla ya kuhamishwa. Mwenzangu, jabali halipo. Wamelipasua kokoto, wamebakiza shimo lenye maji ya kijani na mbuzi wawili wanakunywa. Nikalia pale pale, mtu mzima mwenye wajukuu. Aliyenisindikiza alidhani namlilia marehemu, nikamwacha adhani hivyo.

Juu ya jabali lile ndipo bibi yangu alipokuwa akiua fukusi, wale wadudu weusi wanaobungua mahindi. Joto la Oktoba likishakolea, kabla mvua hazijaanza, alimwaga mahindi yaliyopukuchuliwa juu ya mwamba mtupu, akayatandaza hata punje zisilaliane. Kisha alivua kandambili akakanyaga mwamba. Mguu ukivumilia, alisubiri jua lizidi. Mguu ukikataa, alicheka. Fukusi wakubwa walikimbia wenyewe, lakini Bibi alisema hao si kitu, adui ni yai na kitoto kilichojificha ndani ya punje. "Joto dogo linawalea," alikuwa akiniambia. "Joto kubwa linawaua." Mahindi yalinukia kama bisi. Yakipoa, aliyachanganya na majivu na kuyafungia ndani ya kilindo, lile pipa la gome la mti. Wanawake walitoka mbali kuja kumwuliza waanike lini, na yeye, jamani, alipenda kuulizwa! Siku hizo hata shikamoo aliipokea kwa madaha.

Ndipo tukahamishiwa kijiji cha Ujamaa, nyumba kwa mstari kando ya barabara. Shule ilikuwa karibu, na zahanati pia, sitasema uongo. Ila ardhi ilikuwa tambarare, huokoti hata jiwe la kunolea kisu, na mahindi kwenye mkeka yalipata uvuguvugu tu. Mwaka wa pili mvua zilikuwa haba. Tulivuna debe nne. Hizo ndizo zilizokuwa chakula chetu sisi wawili, mimi na Bibi, mpaka msimu mwingine, na mbegu humo humo. Magoti ya Bibi yalikuwa yamevimba, hawezi safari, basi akanitwisha mimi, binti wa miaka kumi na miwili, debe moja kila siku mpaka jabalini, mwendo wa saa mbili.

Siku tatu za kwanza nilifanya kama alivyonifundisha, na nyayo zangu ziliungua vizuri. Siku ya nne kulikuwa na wingu. Nilikaa juu ya mwamba kwa raha zangu, maana ulikuwa vuguvugu kama kitanda alichotoka kulalia mtu. Ilinipasa kurudi kesho yake. Lakini hiyo kesho mwalimu alikuwa anatufanyisha mazoezi ya ngonjera, kuna mgeni mkubwa anakuja, na nafasi yangu ilikuwa mstari wa mbele. Nikazoa mahindi nikaondoka.

Bibi alikuwa mlangoni. "Mguu ulikataa?"

"Ulikataa, Bibi."

Akayamwaga pamoja na yale mengine ndani ya kilindo.

Wiki kama tano baadaye alitia mkono kuchota, akautoa haraka. Mahindi yalikuwa na joto lao wenyewe, fukusi wamezaana humo mpaka rundo lote limepata homa. Tulipekua hadi chini tukapata vumbi na maganda ya punje. Bibi alinitazama muda mrefu. Nikachukua ungo nikaanza kupepeta vumbi lile.

Balozi wa nyumba kumi alipokuja kutuandikisha chakula cha msaada, majirani walijaa uani. Mmoja akauliza, kwa mzaha wa kuumiza, ilikuwaje fukusi wakamshinda fundi mwenyewe.

"Nilikosea mimi," Bibi alisema. "Macho yamezeeka, nikadhani jua linatosha."

Nilikuwa nimesimama hapo nimeshika ungo. Mpaka leo najichukia kwa ule ungo, nilivyoushikilia.

Tulikula uji mwepesi na majani makavu ya kunde. Mbegu alikwenda kuziomba kwa wanawake wale wale waliokuwa wakija kumwuliza, akajifunika kanga hadi usoni. Tangu hapo hakuna aliyemwuliza tena. Oktoba ikija alikaa mlangoni, analitazama jua. Hakuniuliza hata mara moja, nami nilijiambia nitamwambia nikikua kidogo. Hakunisubiri. Siku ya maziko yake nilisikia wanaongea jikoni kwamba alijua sana mahindi, mpaka uzee ulipomharibu. Nikaendelea kuosha sahani.

Wale wanawake wote wamekwisha kufa. Mwaka jana niliulizia mmoja mmoja, nikaoneshwa makaburi. Hakuna aliyebaki wa kumwambia kwamba bibi yangu hakukosea. Nakwambia wewe, na wewe hukumjua.