Bibie na vyuma vilivyopimwa kwenye mizani ya viazi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri baridi ya Uyole haina huruma, lakini Bibie Shomari ameshafungua madirisha yote ya jimu na anafuta vyuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Amevaa sweta mbili, hijabu nyeusi na kitenge alichokifunga juu ya suruali ya mazoezi. Kila baada ya muda anachungulia mlangoni. Hakuna mtu.

“Watakuja,” anasema. Kisha anajijibu mwenyewe: “Wasipokuja nitafanyaje, niwaburute?”

Jimu hii ya chuo cha ualimu, nje kidogo ya Uyole, inafunguliwa leo baada ya kukaa na kufuli miezi minne. Mkuu wa chuo ametoa sharti. Wanachuo wakirudi kufanya mazoezi, jimu ibaki. Wasiporudi mpaka mwisho wa mwezi, vyuma viuzwe na chumba kigeuzwe stoo ya maharage ya jikoni.

Bibie, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, anajua anayesubiriwa ni nani. “Matilda akija, wote watakuja. Yeye asipokuja, mimi nani ataniamini?”

Bibie si mwalimu, na mchezo pekee aliowahi kuucheza ni rede, enzi za utoto. Chuoni aliajiriwa kufanya usafi. Babu yake alitoka Pangani akaja Mbeya kuuza nguo, baba yake akahamia kwenye spea za malori, na leo kaka yake, Hamza, ana yadi ya spea chakavu kando ya barabara kuu. Malori ya kwenda Zambia yakikata roho, mengi huishia kwa Hamza.

Miaka sita iliyopita, akifagia nyuma ya mabweni, Bibie aliwakuta wanachuo wananyanyua mawe. “Watu wazima, walimu wa kesho, wanabeba mawe utadhani wanajenga msingi! Nikasema hapana, hii aibu.”

Alikwenda kwa kaka yake akaomba gia za malori zilizochakaa. Gia ina tundu katikati, na ukiivisha kwenye bomba la chuma umepata kitu cha kunyanyua. Fundi wa jirani akaunga mabenchi, chuo kikatoa chumba kilichokuwa hakina kazi, na ufunguo akapewa Bibie. Mshahara wake wa usafi haufiki laki tatu kwa mwezi, na kwa kazi ya jimu haongezwi hata senti.

“Huku nalipwa salamu,” anasema, akicheka. “Nina shikamoo nyingi kuliko mkuu wa chuo.”

Mwanzoni wavulana walijaza chumba, wasichana wakabaki kuchungulia. Bibie akatundika pazia, akatangaza kwamba alfajiri ni zamu ya wasichana, na yeye mwenyewe akakaa mlangoni na ufagio. Haikuchukua muda timu ya netiboli ikaanza kuonekana tofauti. Nyota wake wa sasa ni Matilda Mgaya, binti wa wakulima wa Igowole, Mufindi, mfungaji ambaye mpira ukifika mikononi mwake wapinzani huanza kulaumiana.

Kisha yakatokea yaliyotokea. Zile gia hazikuwahi kupimwa. Bibie alikuwa akizipanga mbilimbili kwa macho.

“Hamza aliniambia gia ni gia. Mimi nikaona zimelingana upana, nikaziita mapacha,” anasema. “Vijana walikuwa wakilalamika kwamba mkono mmoja mvivu. Nikawa nawaambia kaleni ugali!”

Kumbe jozi moja ya mapacha hao ilitoka kwenye malori ya aina tofauti, na gia moja ilikuwa imechimbwa mgongoni, hivyo nyepesi kuliko mwenzake. Asubuhi moja Matilda alilala kwenye benchi akanyanyua. Bomba likaenda upande, gia zikaporomoka kwa kuwa hazikuwa na cha kuzizuia, na bega lake likatoka mahali pake. Timu ilikwenda kwenye mashindano ya vyuo Iringa bila yeye, ikarudi mikono mitupu. Jimu ikafungwa.

Bibie alimpelekea Matilda uji wa ulezi bwenini. Binti akageukia ukutani.

“Hakunitukana,” anasema Bibie. “Angenitukana ningepata nafuu.”

Aliugulia jambo hilo wiki nzima. Halafu akakodi mkokoteni, akapakia gia zote na kuzipeleka sokoni Uyole, kwenye mizani ya viazi ya Andendekisye, mfanyabiashara anayejulikana soko zima kwa mdomo wake.

“Mama, mbona viazi vyako vimeungua?” Andendekisye alimpokea. “Na leo usiniletee lumbesa hapa, gunia la kufurika kupita kipimo!”

Wachuuzi wakacheka, wakasogea kuangalia, naye Bibie akawaeleza kuwa ni vyuma vya mazoezi vya wanachuo. Mapacha wa kwanza walipopanda mizani walipishana kilo nne. Kicheko kikakatika.

“Mapacha gani hawa, mama?” Andendekisye aliuliza, safari hii taratibu. “Na kuna mtoto wa mtu alilala chini yake?”

“Alilala.”

Andendekisye akasimamisha biashara yake mpaka gia ya mwisho ilipopimwa, na malipo akayakataa. “Ndaga fijo,” Bibie alimshukuru kwa Kinyakyusa, akarudi chuoni akiusukuma mkokoteni.

Kila gia sasa ina kilo zake zimeandikwa kwa rangi, na zenye uzito sawa zina rangi moja. Hamza, aliyekwepa macho ya dada yake siku kadhaa, alitengeneza pete za chuma zenye bolti za kuzibana gia zisitoke. Mkufunzi wa michezo, Tadeo Kiswaga, ndiye aliyezikagua na kumwomba mkuu wa chuo aifungue jimu.

“Nimenyanyua vyuma vile miaka mitatu na sikuuliza,” anasema mkufunzi huyo. “Tukimbebesha Bibie kosa lote tutakuwa tumemwonea.”

Saa kumi na mbili inapita. Apolonia na Veneranda, wachezaji wa netiboli, wanafika na kusimama nje, mikono ndani ya sweta. Hawaingii. Bibie hawaiti. Ndipo Matilda anapotokea kwenye kona ya bweni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Bega?”

“Limepona. Daktari kaniruhusu vyepesi tu.”

“Vyote vimepimwa. Soma mwenyewe.”

“Nimesikia. Soko zima linakusema.”

Matilda anapita akizigusa gia, moja baada ya nyingine. Anavisha zile za kijani, ambazo ni nyepesi kuliko zote, anakaza bolti, kisha anasimama kichwani mwa benchi.

“Lala wewe kwanza.”

“Mimi?”

“Wewe, mama. Umetunyanyulisha siku zote, na hatujawahi kukuona hapo chini.”

Bibie anacheka, anawatazama walio mlangoni, hapati wa kumtetea. Anafungua kitenge, anavua ndala, analala. Mikono ya Matilda iko chini ya bomba. Chuma kinapanda kikitetemeka, lakini hakiendi upande. Mara ya tatu nguvu zinamwisha na Matilda anakidaka.

Bibie anabaki amelala, anatazama dari.

“Jamani, huku chini kunatisha,” anasema polepole. “Nilikuwa sijui. Nisamehe, mwanangu.”

“Amka basi, zamu yangu,” Matilda anamjibu, na anampa mkono kumwinua.

Sasa Matilda ndiye aliyelala, na Bibie ameweka mikono chini ya bomba, machozi yakimtoka bila kuyafuta kwa sababu hana mkono wa kuyafutia. Apolonia na Veneranda wameshaingia. Kengele ya chai inapolia, wasichana wamepanga foleni hadi nje.

Bibie anasema mashindano yajayo atapanda basi kwenda Iringa kumwona Matilda akifunga. Kwa sasa mikono yake inatetemeka kiasi kwamba ameshindwa kukamua tambara la kudekia, na wanachuo wanamcheka waziwazi.

“Wacheke,” anasema. “Kesho nakuja na raba. Matilda ameniambia mwezi ujao ananipandisha uzito, naanza gia nyekundu.”