Neno Moja la Ndolo

Kwa miaka ishirini, harusi na mazishi ya upande huu wa Masii yaliongozwa na emsii mmoja, Ndolo. Alijua kusalimu, alijua kuchekesha, na zaidi ya yote alijua kunyamaza, jambo ambalo wenye maikrofoni wengi hufa hawajajifunza.

Mwezi wa nne mkewe, Kasiva, alifariki. Tulimwambia mfiwa huketi, mwingine ashike maikrofoni, akakataa katakata. Asubuhi ya mazishi alinivuta kando, mimi mzee wa kanisa niliyepewa kazi ya kuchunga ratiba.

"Josphat," akasema, "leo niko na neno moja tu juu ya Kasiva. Nikishasema hilo nitakaa chini."

Neno moja, ati. Alianza na itifaki. Akamsimamisha chifu, wakwe, chama cha akina mama, kwaya, hata waliokuja na lori kutoka Kyumbi, kila kundi na kichekesho chake. Watu wakacheka, naye akaongeza. Dakika arobaini na tano zikaisha bila jina la marehemu kutajwa. Kila mara aliinua macho akatazama nyuma kabisa ya hema, akapotea kidogo, kisha akatafuta mgeni mwingine wa kusalimia. Mawingu yakashuka. Pasta akanionyesha saa yake. Nikaenda nikamtoa Ndolo maikrofoni mkononi, mbele ya watu wote. Tukamzika Kasiva kabla ya mvua, nami nikajisifu kwa kutunza ratiba.

Wiki tatu baadaye nilimtembelea. Watoto walisharudi Nairobi na majirani walishaacha kuja. Kuku walikuwa wamejaa jikoni, naye hana habari nao. Nikamuuliza, kwa kumtania, siku ile alipatwa na nini hata ulimi ukakosa breki.

"Kasiva alikuwa anasimama nyuma," akasema. "Kila mahali nikiitwa. Nikianza kuchosha watu, anafungua kitambaa cha kichwa, anakifunga tena. Nikiona hivyo, namaliza. Watu wanasema mimi najua kunyamaza. Si mimi. Hilo ndilo neno nilitaka wasikie."

Niliona aibu, nikasema kile kilichonijia kinywani: kwamba wakati ulikuwepo, angelisema tu mwanzoni.

"Najua," akasema. "Lakini nilikuwa nangoja afunge kitambaa."